Az-Zahrawi na Maradhi ya Ufizi

Safari hii nimemchagua tabibu Abul-Qasim az-Zahrawi, kwa sababu nachoka kuona wenzangu wa Dzaleka wakipanda minibasi hadi Old Town, shavu limevimba, na ombi lao ni moja tu: jino ling'olewe.

Az-Zahrawi alizaliwa yapata mwaka 936 Madinat az-Zahra, mji wa makhalifa karibu na Cordoba, Andalusia. Aliandika kitabu kikubwa, at-Tasrif, chenye sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina michoro ya vyombo vipatavyo 200.

Mimi hunivutia zaidi maneno yake juu ya meno. Alieleza kuwa ugaga, mweusi, wa kijani au wa manjano, hujikusanya juu ya meno na chini ya ufizi. Ufizi ukaharibika, jino likabaki wazi. Mgonjwa alaze kichwa mapajani mwa tabibu, ugaga ukwanguliwe, na usipokwisha leo, arudi kesho. Vikwangulio vyake vilikuwa vya maumbo mengi, maana kinachofaa meno ya mbele hakifiki nyuma ya gego. Kung'oa hakukukimbilia, na aliwalaumu vinyozi waliong'oa jino zima wakaacha bovu.

Yeye alitegemea macho na vidole. Leo maabara huweza kupima mate. Ufizi ukipigana na vijidudu, chembe nyeupe za damu humwaga kimeng'enya kiitwacho MMP-8, ambacho hula nyuzi zinazoshikilia jino. Interleukini-1 beta nayo huongezeka. Katika damu hupanda protini ya CRP itokayo kwenye ini, lakini hiyo hupanda hata kwa malaria, hivyo peke yake haiwezi kuushtaki ufizi. Mate ni shahidi wa karibu zaidi. Asiye na maabara naye atazame damu kwenye mswaki anapojiandaa kutia udhu. Wengi wakiiona huacha kusugua, na hapo ugaga hupata nafasi.

Madinat az-Zahra iliharibiwa katika fitna za mwaka 1010 hivi, naye akafariki karibu 1013. Karne ya 12, Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi, wakimwita Abulcasis. Allah amrehemu.