MAMA BEA BENADERET: SAUTI BILA JINA



Kwetu kila mtoto anajua hadithi za jioni. Mama mzee anaketi karibu na moto, anasimulia habari za sungura na chui. Akifika pa sungura, sauti yake inakuwa ndogo, ya ujanja. Akifika pa chui, inakuwa nzito. Kuko mtu mmoja tu pale, lakini watoto wanaona wanyama wawili. Leo tunataka kueleza maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyekula mkate wake kwa kazi ya namna ile. Tofauti ni hii: wasikilizaji wake hawakuketi naye karibu na moto. Walikuwa mamilioni, na kwa miaka mingi wengi wao hawakujua jina lake. Huyo ni Mama Bea Benaderet.

1. Kuzaliwa na masomo

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1906 katika mji wa New York. Baba yake alikuwa Myahudi aliyetoka inchi ya Uturuki, na kazi yake ilikuwa kuuza tumbako. Mama yake alikuwa wa ukoo wa watu wa Ayalandi. Bea alipokuwa angali mtoto, jamaa ilihamia San Francisco, upande wa magharibi wa inchi ile. Kule alisoma kwa masista Wakatoliki, akajifunza kuimba na kupiga piano.

2. Kazi ya radio

Mwaka wa 1926 alianza kutumika ku radio KFRC ya San Francisco. Alikuwa na miaka 20. Siku zile radio ilikuwa kitu kipya, na mtumishi mmoja alifanya kazi nyingi. Aliigiza, aliimba, tena aliandika. Njo pale alijifunza kugeuza sauti kama mtu anavyobadili nguo: leo anasema kama Mfaransa, kesho kama Mspanyola, kesho kutwa kama mama wa mitaa ya New York.

Mwaka wa 1936 alihamia Los Angeles, mji wa sinema. Alitumika ku radio pamoja na watu wakubwa kama Orson Welles na Jack Benny. Katika mchezo wa Jack Benny alikuwa Gertrude, msichana wa simu. Bwana Benny anangoja simu yake, kumbe Gertrude na mwenzake wanamsengenya kwanza! Watu walicheka sana.

3. Kazi ya katuni

Pengine msomaji atauliza: picha ya kuchorwa inasemaje? Katika sinema picha 24 zinapita kwa sekunde moja. Filamu ya dakika 7 ni picha zaidi ya 10,000. Lakini kwa desturi ya Wamarekani sauti inatangulia. Mwigizaji anasimama mbele ya mikro na karatasi yake mkononi, anasema maneno. Nyuma yake wachoraji wanasikiliza ile sauti na kuchora mdomo uifuate. Basi Mama Bea hakuwa na paka wala ndege wa kutazama. Alipaswa kuwaona kwa akili yake, kisha kuwapa uhai kwa koo lake.

Tangu mwaka 1943 hata 1955 alitoa sauti nyingi za wanawake katika katuni za Warner Bros. Moja inayojulikana sana ni ya yule mama mzee mwenye miwani, anayemlinda ndege Tweety na paka Sylvester. Alianza sauti ile mwaka wa 1950.

Sasa tufike ku jambo la jina. Katika kazi ile alikuwako bwana mmoja hodari, Mel Blanc, sauti ya sungura Bugs Bunny. Bwana Blanc aliomba nyongeza ya mshahara. Mkubwa wa kazi alikataa, lakini alikubali jina lake liandikwe katika filamu. Kwa hiyo, kwa miaka mingi jina la Blanc njo liliandikwa, na majina ya wenzake hapana. Watazamaji wengi walifikiri sauti zote ni za mtu mmoja. Blanc hakuiba kitu. Alipewa jina mahali pa franga alizoziomba. Lakini tuangalie vizuri: mkubwa yule alilipa kwa kitu kisichompunguzia hata senti moja, na waliopunguziwa ni wengine ambao hawakuwa katika shauri lile. Mama Bea alikuwa mmoja wao. Hata hivyo aliendelea kutumika pale miaka 12, na kazi yake haikulegea.

4. Televisheni

Tangu 1950 hata 1958 alionekana ku televisheni kama Blanche Morton, mama jirani, katika mchezo wa George Burns na Gracie Allen. Mwaka wa 1951 rafiki yake Lucille Ball alikuwa anaanza mchezo wake mwenyewe, I Love Lucy, na alimtaka Bea awe jirani yake. Bea alikuwa amekwisha kufunga mapatano na Burns na Allen, akabaki kwao. Nafasi ile ilichukuliwa na Vivian Vance, naye alipata zawadi kubwa ya Emmy. Bea aliwekwa mara mbili kati ya wanaoshindania zawadi ile, hakuipata.

Tarehe 30 Septemba 1960 The Flintstones ilianza, katuni ya watu wa zamani za mawe. Ilikuwa katuni ya kwanza ya Marekani kupewa saa za jioni, wakati wazazi na watoto wanaketi pamoja. Bea alikuwa sauti ya Betty. Na bwana yake Betty, aitwaye Barney, alikuwa sauti ya nani? Mel Blanc yule yule! Lakini safari hii majina ya wote wawili yaliandikwa.

Mwaka wa 1963 alipewa mchezo Petticoat Junction. Alikuwa Kate, mama mwenye hoteli ndogo karibu na njia ya gari la moshi, pamoja na mabinti wake watatu. Sasa yeye njo alikuwa wa kwanza katika mchezo. Alikuwa na miaka 57, na miaka 37 ilikuwa imepita tangu aanze kazi.

5. Ugonjwa na kufa

Furaha ile haikudumu sana. Mama Bea alikuwa mvutaji wa sigara kwa muda mrefu. Mwaka wa 1967 waganga wa hospitali walikuta kansere katika mapafu yake. Alitibiwa, akarudi kazini kwa muda kidogo, lakini tarehe 13 Oktoba 1968 alifariki huko Los Angeles. Alikuwa na miaka 62, na aliacha watoto wawili. Bwana yake wa pili, Gene Twombly, alikuwa fundi wa kutengeneza milio ya michezo, kama mlango unaofungwa au hatua za mtu. Naye alikufa kwa ugonjwa wa moyo siku nne tu baada ya mke wake.

Mchezo mmoja ulionyeshwa Bea akiwa amekwisha kufa. Mwanamke mwingine alisimama mahali pake, mgongo wake kwa watazamaji. Sauti peke yake ilikuwa ya Bea.

6. Tufikiri

Wandugu, sisi wa Kilo tunaelewa habari hii bila taabu. Tangu mwaka 1905 dhahabu inachimbwa kwetu, inavaliwa kwa vidole vya watu wa mbali, na hakuna pete inayoandikwa jina la mchimbaji. Wengine wanasema: basi, mtu asiyejulikana afanye kazi ovyo ovyo, nani atamwona? Mama Bea hakufikiri vile. Sauti isiyo na jina aliifanya vizuri kama ile yenye jina, na ustadi wa miaka ile ya giza njo ulimletea Betty na Kate.

Lakini tusigeuze habari hii kuwa kisingizio cha kuwanyima wengine haki yao. Kutumika kwa moyo ni kazi ya mtumishi. Kuandika jina lake ni kazi yetu tunaofaidika. Tuanze hapa hapa. Gazeti hili linaandikwa na wachache, lakini kuko wanaokata stensili, wanaozungusha mashini mpaka mikono inakuwa myeusi kwa wino, na wanaopanga kurasa usiku. Tangu namba ijayo, majina yao yawekwe ku ukurasa wa mwisho.