Freeman: Daktari aliyekata ubongo kutuliza hasira

DAKTARI Walter Freeman, aliyezaliwa Marekani mwaka 1895, hakusomea upasuaji. Hata hivyo, mwaka 1936 yeye na mpasuaji James Watts walianza kukata nyuzi za ubongo wa mbele ili kutuliza wagonjwa wa akili.

Mwaka 1941 walimpasua Rosemary Kennedy, binti wa miaka 23 mwenye ulemavu wa akili, mdogo wake John aliyekuja kuwa Rais. Baba yao alitaka ghadhabu zake zikome. Tangu hapo Rosemary hakuweza tena kutembea wala kuzungumza sawasawa hadi alipofariki mwaka 2005.

Freeman alizuiwa kupasua mwaka 1967, akafariki mwaka 1972. Leo wataalamu hushauri kutafuta kwanza chanzo cha ghadhabu, yakiwemo maumivu yasiyosemeka.