Imamu Ghazali na Swali la Nyimbo

Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa mwaka wa 1058 mjini Tus, Uajemi. Mwaka wa 1091 alianza kufundisha katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad, lakini mwaka wa 1095 aliacha cheo hicho akashika njia ya masufi.

Wanavyuoni walikuwa wakibishana: wengine walikataza nyimbo, ilhali masufi walizitumia kumkumbuka Mungu. Katika kitabu chake, Ihya, Ghazali alionyesha kuwa sauti nzuri peke yake si haramu. Uharamu huletwa na mengine, kama maneno machafu au ya kusingizia watu. Tena, msikilizaji aliyetawaliwa na ashiki hudhurika hata maneno yakiwa safi. Basi muumini apime wimbo, kisha apime moyo wake.

Alifariki Tus mwaka wa 1111.