Okot p'Bitek: Mwanafalsafa wa Wimbo, Kicheko na Machozi

Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi katika kijarida hiki niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyetangulia, ambaye yana funzo kwetu.

Najua wengi walitazamia nimwandike mtakatifu wa kule Gujarat walikotoka babu zetu, au mfanyabiashara mkubwa wa zamani wa pwani hii. Nimemchagua Mwacholi wa Uganda, Profesa Okot p'Bitek. Hakuwa Mhindu, na viongozi wa dini aliwakosoa bila woga. Lakini kuna swali ambalo kila nyumba ya ibada hukutana nalo, nasi tunakutana nalo mwaka huu: je, wimbo na ngoma ni pambo tu la ibada, au ndiyo ibada yenyewe? Okot alitumia maisha yake yote ya usomi kulijibu swali hilo, naye alilijibu kuliko msomi mwingine yeyote ninayemfahamu katika Afrika ya Mashariki.

Okot alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma mwenye sifa katika nchi ya Waacholi. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa na shule mbili. Moja ilikuwa ya vitabu na kengele. Nyingine ilikuwa ya mama, uwanjani, mbalamwezi ikiwaka. Alisoma Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala, halafu chuo cha ualimu Mbarara. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 22, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, kwa lugha ya Kiacholi.

Mwaka 1956 alisafiri kwenda Uingereza kama mchezaji wa timu ya taifa ya mpira ya Uganda, timu iliyowashangaza Waingereza kwa kucheza peku. Okot alibaki huko kusoma. Alianza Bristol akachukua ualimu, akaenda Aberystwyth akachukua sheria, kisha akaingia Oxford kusomea elimu ya jamii na mila za watu. Hapo ndipo alipojikwaa. Katika mihadhara aliwasikia walimu wake wakiwataja watu wa Afrika kwa majina ya ushenzi na ukale, mbele yake, kana kwamba hayumo chumbani. Alipinga, asisikilizwe. Hata hivyo hakuondoka. Alikaa akaandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walang'o na maisha yaliyoizaa, akapata shahada yake mwaka 1963.

Tasnifu hiyo ilikuwa mbegu ya kazi zake zote. Wakati ule wasomi wengi waliamini kwamba fasihi ni kile kilichoandikwa, na kwamba watu wasio na maandishi hawana fasihi wala falsafa. Okot alisema fasihi ni kila kazi ya ubunifu wa mwanadamu inayotumia maneno, yawe yameandikwa, yamesemwa au yameimbwa. Kwake yeye, wimbo wa msiba anaouimba bibi kizee asiyejua kusoma una fikra ndani yake kuhusu kifo, haki na upweke, na fikra hizo hazipungui uzito kwa kuwa zimekuja na machozi. Tena aliona kwamba machozi hayo ni sehemu ya fikra yenyewe. Anayetaka kujua Waacholi wanaamini nini juu ya kifo, alifundisha, na awasikilize makaburini. Mahojiano na daftari havitamfikisha.

Kisa kimoja alichokiandika kinastahili kusimuliwa hapa. Mwaka 1911 mapadri wa Kitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi na kuwauliza ni nani aliyewaumba. Sisi tunaosema Kiswahili hatuoni ugumu, kwa maana neno kuumba twalitumia kwa Mungu na kwa mfinyanzi pia. Lakini Kiacholi hakikuwa na neno lenye maana ya kuleta kitu kutoka pasipo kitu, hivyo wazee walisikia wakiulizwa ni nani aliyewafinyanga kama chungu. Wakashangaa, kwa maana mtu huzaliwa na mama yake. Mapadri waliposisitiza, mzee mmoja alikumbuka kwamba mtu akipatwa na maradhi ya uti wa mgongo hata akawa kibiongo, husemwa kwamba amefinyangwa na Rubanga. Wazee wakalitaja jina hilo, na tangu siku ile pepo wa vibiongo akawa jina la Mungu katika vitabu vya dini. Okot alikieleza kisa hiki katika kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi, akionyesha hatari ya kumvika mtu vazi lako kisha ukadai kwamba ndivyo alivyozaliwa. Hakuwahurumia hata wasomi wa Kiafrika waliofanya hivyo kwa nia njema ya kuipamba Afrika mbele ya wageni.

Mwaka 1966 ulikuwa mwaka wake mkubwa. Nyumba ya uchapaji ya East African Publishing House ya Nairobi ilitoa kitabu chake kwa Kiingereza, Song of Lawino, alichokuwa amekitunga kwanza kwa Kiacholi. Mwaka 1975 Paul Sozigwa alitupatia kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Lawino ni mke wa kijijini ambaye mumewe, Ocol, amesoma sana na sasa anamwonea haya. Ocol anachukia ngoma, chakula, lugha na hata harufu ya nyumba aliyozaliwa, naye amempata mwanamke mwingine wa kisasa. Lawino analalamika, anacheka, anadhihaki na kulia. Haombi mambo ya wageni yapigwe marufuku. Anaomba ya kwake yasidharauliwe. Anajitetea kwa methali ya Waacholi kuhusu mmea wa boga katika mahame. Watu wamehama, nyumba zimeanguka, lakini boga bado linatambaa na kuzaa, na mpita njia mwenye njaa hula. Kuliacha hakumgharimu mtu kitu, na mwenye kuling'oa hupata hasara bila faida.

Nilikisoma kitabu hicho kwa Kiswahili nikiwa sekondari, nacho kiliniuma. Baba yangu alikuwa na duka hapa Nyamisati, akinunua nazi na mchele wa bondeni na kuwauzia chumvi, sukari na mafuta ya taa mabaharia wa madau ya Mafia. Jioni mama yangu aliwasha taa mbele ya picha za miungu akaimba bhajan kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi. Mimi niliufunga mlango ule ili wanafunzi wenzangu wasisikie. Na usiku ngoma za unyago ziliposikika ng'ambo ya mikoko, niliungana na wenzangu wa shule kuzicheka. Nilipomsoma Ocol nilijiona. Nilikuwa nimewaonea haya mama wawili kwa pamoja, aliyenizaa na yule aliyekuwa akiimba ng'ambo ya mikoko.

Turudi kwa Okot. Mwaka huohuo wa 1966 alikuwa Mganda wa kwanza kuongoza jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala. Jumba lile lilijengwa kwa jukwaa la Kizungu na viti vilivyopangwa kwa safu, na mpaka wakati huo lilionyesha zaidi michezo ya wageni. Okot aliwaleta wapiga ngoma na wachezaji wa vijijini, na mlio wa ngoma ukajaa katikati ya jiji. Lakini ulimi wake ulikuwa mkali kwa wakubwa, na wakubwa hawakumvumilia. Alipoteza cheo, na nchi yake ikawa haikaliki kwake. Akahamia Kenya. Mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu, kisha kwa miaka mingi akafundisha na kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Familia nyingi za Kigujarati, zikiwamo za jamaa zetu, zilifunga maduka na mahekalu na kushika njia. Okot naye alikuwa ugenini wakati huo. Wao walifukuzwa kwa ajili ya asili yao, yeye kwa ajili ya maneno yake. Lakini mkimbizi hubeba mzigo uleule, na mara nyingi kitu pekee kisichonyang'anywa mpakani ni wimbo alioufundishwa na mama yake.

Uhamishoni kalamu yake haikulala. Alitoa Song of Ocol mwaka 1970, Song of Prisoner mwaka 1971, insha zake juu ya mapinduzi ya utamaduni mwaka 1973, na mwaka 1974 Horn of My Love, mkusanyo wa nyimbo za Kiacholi: za ngoma, za mapenzi, za vita na za matanga. Mwaka 1978 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Ife nchini Nigeria. Utawala wa Amin ulipoanguka alirudi nyumbani, na mwaka 1982 Chuo Kikuu cha Makerere kikampa uprofesa wa uandishi wa kubuni. Hakuufaidi. Alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 51.

Baada ya kifo chake, mwaka 1986, zilichapishwa insha zake katika kitabu Artist, the Ruler, na humo tunaona kilele cha falsafa yake. Kwa Okot, mtawala wa kweli wa jamii ni msanii. Mfalme na waziri hutawala kwa askari na gereza. Msanii hutunga fikra ambazo juu yake sheria, ndoa na serikali hujengwa, na silaha zake ni kicheko na machozi. Mwizi anayeimbwa ngomani huaibika kuliko aliyefungwa. Shujaa anayeliliwa kwa wimbo huendelea kuwaamuru wajukuu wake baada ya kufa.

Sisi Wahindu tunapaswa kuyatambua maneno haya. Takriban miaka elfu mbili iliyopita mwenye hekima Bharata alifundisha katika Natyashastra habari za rasa, yaani utomvu au ladha ya sanaa. Alitaja nane: mapenzi, kicheko, huruma, hasira, ushujaa, hofu, chukizo na mshangao. Kama vile viungo mbalimbali vikipikwa pamoja huzaa ladha moja, ndivyo hisia zinavyopikwa katika mchezo mpaka mtazamaji akazionja. Abhinavagupta wa Kashmir, miaka ipatayo elfu moja iliyopita, aliitetea ladha ya tisa, utulivu wa nafsi, akaiona kuwa msingi wa zote. Kicheko na machozi ya Okot yamo katika hesabu hiyo.

Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo funzo langu. Wenye hekima wetu walimfikiria zaidi mtazamaji aliyeketi na kuonja. Okot alisisitiza kwamba katika ngoma ya kijiji hakuna mtazamaji mtupu. Asiyecheza hupiga makofi, asiyepiga makofi huitikia. Hisia humjia mtu kwa kushiriki. Nilipolifikiria hilo nikaikumbuka garba yetu ya Navratri: duara la watu wakiizunguka taa, bila jukwaa, bila safu ya viti. Bibi zetu waliijua falsafa hii kwa miguu yao.

Na sasa tunaipoteza. Miaka ya karibuni garba yetu inaimbwa na spika. Nusu ya watu wameketi, na waliosimama wameshika simu wakipiga picha za video. Wazee waliojua nyimbo zote kwa moyo wanapungua mwaka hadi mwaka, nasi hatukai nao kujifunza. Sikatai spika, Lawino naye hakukataa vya wenzake. Nasema tu kwamba hatukulazimika kuling'oa boga letu ili tununue spika.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya kamati na waumini. Usiku wa kilele cha maadhimisho haya, tuzime mitambo kwa saa moja. Mama zetu waanzishe bhajan na garba kwa sauti zao wenyewe, vijana waitikie. Na majirani zetu wa Nyamisati, ambao kwa miaka mingi wamezisikia nyimbo zetu kupitia ukutani, waje na ngoma zao, waingie duarani nasi. Mlango ule nilioufunga nikiwa mtoto, nataka kuufungua kabla sijaondoka duniani.

Mwenyezi Mungu aibariki jamii yetu, awabariki majirani zetu, na aijalie nyumba hii miaka mingi yenye amani na nyimbo.