Edgar Sengier, muzungu aliyepima Katanga kwa tani

Reli inayopita hapa Kolwezi, kutoka Tenke kwenda Dilolo mpaka Lobito, wengi wanaiona kila siku bila kujiuliza iliwekwa juu ya nini. Edgar Sengier alijua jibu: shaba iliyolundikana bila njia ya kutoka hailipi mshahara wa mtu.

Alizaliwa Kortrijk, Ubelgiji, mwaka 1879, akasomea uinjinia wa migodi Leuven. Alifika Katanga mwaka 1911, Union Minière ikiwa na miaka 5 tu. Mwaka huo tanuru la kwanza la Lubumbashi likawashwa, na shaba yote iliyotoka haikupita sana tani 1,000. Mawe ya shaba yalikuwa mengi. Shida ilikuwa mkaa wa koki, uliotoka mbali, Wankie, inayoitwa leo Hwange. Treni ikichelewa, tanuru linangoja, na watu nao wanangoja.

Hesabu ya kazi kama hiyo haianzi kwenye mashine inayokimbia, inaanza kwenye ile inayochelewesha zingine. Kampuni ikafungua vizuizi kimoja kimoja. Mwaka 1921 mtambo wa Panda ukaanza kutenga shaba na mawe matupu, ili mkaa usiungue bure. Mwaka 1929 Shituru ikaanza kutoa shaba kwa umeme. Mwaka 1930 ikapatikana karibu tani 139,000, na mwaka uliofuata reli ya Lobito ikaunganishwa. Mtambo wa Kolwezi ulikuja 1941.

Sasa, watu je? Mwanzoni walichukuliwa kwa mikataba ya miezi michache. Mtu anajifunza kazi, mkataba unaisha, anarudi kijijini, ama anakufa kwa ugonjwa wa kambini, na mgeni anaanza upya. Toka 1928 ikaja mikataba ya miaka 3, mke na watoto kambini, posho, hospitali, shule. Wako wanaosifu hayo mpaka leo, na posho ilikuwa posho kweli. Lakini ilikuwa hesabu vilevile: mfanyakazi anayebaki anatoa tani nyingi kuliko anayekuja na kwenda. Bei ya shaba ilipoanguka, maelfu wakarudishwa kwao. Desemba 1941, wafanyakazi wa Lubumbashi waligoma wakidai mshahara, na askari wakawapiga risasi. Sengier alikuwa New York, akiongoza kampuni kutoka huko juu ya vita ya Ulaya.

Ni huko alikofanya jambo lililompa jina. Shinkolobwe kulikuwa na urani iliyochambuliwa kwa mikono, yenye oksidi ya urani karibu asilimia 65, wakati ya Amerika haikufika hata asilimia 1. Mwaka 1940, bila kungoja mnunuzi, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 kupitia Lobito, zikawekwa ghalani Staten Island katika mapipa zaidi ya 2,000. Zikakaa pale karibu miaka 2. Septemba 1942 kanali mmoja wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akaingia ofisini kwake kuulizia urani, na biashara ikaisha siku hiyohiyo. Bomu la Hiroshima lilitokana kwa sehemu kubwa na madini ya Shinkolobwe. Wale waliochambua mawe hayo hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Mwaka 1946 Marekani ikampa nishani. Alifariki Cannes, Ufaransa, mwaka 1963. Jina lake limebaki kwenye jiwe la kijani, sengierite, lililopatikana Luiswishi karibu na Lubumbashi. Ndani yake mna shaba na urani pamoja.