Ludwig von Höhnel: Baharia aliyelichora Ziwa Turkana, na mawe yaliyolieleza Bonde la Ufa

Machi 5, 1888, msafara wa watu zaidi ya 200 ulisimama juu ya miamba myeusi, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Kenya. Walikuwa wamechoka na kiu imewabana. Mbele yao, chini kabisa, kulikuwa na maji. Maji mpaka macho yanapoishia.

Siku iliyofuata walifika ufukweni. Wapagazi waliyakimbilia maji yale. Kumbe ni ya magadi. Yananyweka, ndiyo, lakini kiu haikati vizuri na tumbo linalalamika.

Ziwa hilo sasa tunaliita Turkana. Wakati wengine wakihangaika na kiu, luteni mmoja wa jeshi la majini mwenye umri wa miaka 30 alikuwa na kazi nyingine: kupima, kuandika na kuchora. Jina lake Ludwig von Höhnel.

Baharia nchi kavu

Höhnel alizaliwa 1857 katika mji ambao leo ni Bratislava, Slovakia, enzi hizo ukiwa ndani ya Dola ya Austria. Alikuwa ofisa wa meli. Hakuwa mwanajiolojia, wala si mtaalamu wa wanyama.

Bosi wa safari alikuwa Samuel Teleki, tajiri wa ukoo wa kifahari kutoka Hungaria, mtu mnene aliyependa kuwinda kuliko kitu chochote. Teleki alitoa pesa na bunduki. Höhnel ndiye aliyepewa kalamu. Na kusema kweli, bila kalamu hiyo safari ile ingebaki hadithi ya mwindaji mwingine tu wa Kizungu.

Ubaharia ulimsaidia sana. Mtu anayejua kupima jua na nyota ili ajue meli iko wapi baharini, anaweza kufanya hivyo hivyo jangwani.

Lakini si yeye wala Teleki aliyekuwa anaijua njia. Msafara ulianzia Pangani mwaka 1887, na mtu waliyemtegemea alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa hapohapo Pangani. Jamaa huyu alishawahi kusafiri na Joseph Thomson mwaka 1883 katika nchi ya Wamasai. Alizijua bei, alizijua lugha, na alijua kijiji gani unapita na kipi unakwepa. Hesabu zake zilikuwa za pembe, si za ramani.

Wapagazi wengi walikuwa watu wa pwani. Kawaida ya kazi hiyo ilikuwa mzigo wa frasila mbili kwa kila mtu, yaani karibu kilo 32, kichwani au begani. Vitambaa, shanga, waya, chakula, risasi. Na kadiri Höhnel alivyookota, na mawe pia.

Hebu fikiria hapo. Una njaa, jua kali, halafu unaambiwa ubebe mawe.

Moto kusini, tembo majini

Ncha ya kusini ya ziwa si mahali pa mchezo hata leo. Lava nyeusi iliyoganda imetapakaa kila upande, na kuna vilima vya volkano vyenye umbo kama chungu kilichopinduliwa. Mwaka 1888 mmoja wa milima hiyo ulikuwa hai, unatoa moshi. Höhnel aliuweka kwenye ramani kwa jina la bosi wake, Volkano ya Teleki.

Kutoka hapo walifuata ufuko wa mashariki kwenda kaskazini. Walikutana na Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi wanaoishi kwa samaki kwenye ghuba na visiwa vidogo. Waliona mamba wengi na viboko. Na waliona tembo, tena wengi, wakiingia ziwani kula majani ya majini.

Teleki, bila shaka, aliwapiga risasi. Katika tukio moja tembo aliyekasirishwa aliivamia boti yao ya turubai na kuiponda. Boti ile ilikuwa imebebwa safari nzima kwa ajili ya ziwa hili. Ikaishia hapo, na uchunguzi wa ziwa ukabaki wa kutembea kwa miguu ufukoni.

Leo upande huohuo kuna Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyoanzishwa 1973. Utakuta punda milia, nyamera na mamba. Tembo wa Höhnel hutawaona.

Kuna jambo jingine. Ufuko huo wa mashariki ndiko iliko Koobi Fora, ambako mwaka 1972 Mkenya Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu maarufu linaloitwa 1470, la binadamu wa kale wa karibu miaka milioni mbili. Msafara wa 1888 ulipita ukanda huo ukitafuta maji na nyama. Nani angeinama kuangalia mfupa mkavu?

Majina ya ikulu

Teleki alilipa ziwa jina la Rudolf, mwanamfalme aliyekuwa mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria na aliyeiunga mkono safari yao. Mwezi Aprili, baada ya kufika kaskazini kwa Wadasanach waliowauzia chakula, wakasogea mashariki na kukuta ziwa jingine dogo, ndani ya Ethiopia ya sasa. Hilo likaitwa Stefanie, jina la mke wa Rudolf.

Mume na mke, kila mmoja na ziwa lake. Wenyeji hawakuulizwa. Majina yalikuwepo tayari, na Höhnel mwenyewe aliyaandika kama alivyoyasikia: Basso Narok, ziwa jeusi, na Basso Ebor, ziwa jeupe.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Walipita upande wa Waturkana, kisha nchi ya Wapokot hadi Baringo, katika msimu wa njaa. Chakula hakikupatikana kwa kununua. Wapagazi kadhaa walifia njiani. Msafara uliingia Mombasa Oktoba 1888, Teleki akiwa amekonda vibaya.

Januari 1889, miezi mitatu tu baadaye, Rudolf alikufa katika nyumba ya kuwindia ya Mayerling nje ya Vienna. Alikuwa na miaka 30. Ziwa lililoitwa kwa jina lake hakuwahi kuliona.

Mawe yalipofika Vienna

Hapa ndipo habari ya Höhnel inapokuwa kubwa kuliko ya bosi wake.

Ramani zake na mawe yaliyobebwa kichwani na watu wa Pangani vilifika mikononi mwa wanasayansi wa Vienna. Mmoja wao alikuwa Eduard Suess, mwanajiolojia mkubwa wa wakati ule, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Suess aliangalia mstari wa mabonde, maziwa yasiyo na pa kutokea, volkano na kuta za miamba. Vipande hivyo vilikuwa vinajulikana kimojakimoja. Kwenye ramani ya Höhnel vilianza kuungana.

Mwaka 1891 Suess alichapisha hoja yake: huu ni mpasuko mmoja. Ardhi imevutwa na kupasuka, na kipande cha katikati kimezama, kutoka kusini mwa Afrika Mashariki kupitia Ethiopia na Bahari ya Shamu hadi Mashariki ya Kati. Miaka miwili baadaye Mwingereza John Walter Gregory alikwenda kuchunguza kwa macho yake, akafika Baringo, na jina Bonde la Ufa likashika kutokana na maandishi yake. Kila mwanafunzi wa jiografia leo analijua.

Mpagazi aliyebeba sanduku la mawe haandikwi kwenye kitabu cha jiografia.

Kifaru na uzee

Höhnel hakutulia. Mwaka 1892 alirudi na Mmarekani tajiri, William Astor Chanler, safari hii kupitia Mto Tana. Lengo lilikuwa kufika tena ziwani kutokea mashariki. Hakufika. Mwaka 1893 kifaru alimjeruhi vibaya, na ikabidi abebwe wiki nyingi kurudishwa. Waliomwokoa ni wapagazi tena.

Alipona. Akawa msaidizi wa kijeshi wa Mfalme Franz Joseph, na mwaka 1905 aliongoza ujumbe wa Austria na Hungaria kwa Menelik II wa Ethiopia. Kisha akastaafu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha mwaka 1918, dola aliyoitumikia ilivunjika na kutoweka, na jeshi lake la majini likaenda nayo. Nchi ya Austria iliyobaki haikuwa hata na pwani. Höhnel alikufa Vienna Machi 1942, akiwa na miaka 84.

Ziwa liliendelea kuitwa Rudolf hadi 1975, Kenya ilipolibadilisha kuwa Turkana. Lile dogo la Stefanie sasa linaitwa Chew Bahir, yaani bahari ya chumvi kwa Kiamhari, na sehemu kubwa ya mwaka ni tope kavu na chumvi tu.

Jina la Höhnel mwenyewe limebaki kwa mnyama mmoja mdogo: kinyonga mwenye kichwa kama kofia, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1891. Hakai jangwani. Anakaa kwenye vichaka vya nyanda za juu za Kenya, kwenye baridi, na kuna wanaomkuta kwenye uzio wa nyumba wasijue anaitwa nani.