MAMA KEVINA

Ukitoka Jinja ukavuka Mto Naili, hufiki mbali ila utaona hospitali ya Nyenga. Ukienda mashariki, katika Busoga, iko ya Buluba. Zote mbili zilianzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wenye ukoma, na mwanzilishi wake ni Mama Kevina.

Jina lake la utoto lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa Arklow, Ayalandi, mwaka 1875, baba yake akiwa amekwisha kufa. Alipokuwa na miaka kumi mama naye alifariki, akalelewa na bibi yake. Alijiunga na masista Wafransisko, na mwaka 1903 akafika Nsambya, Kampala, na wenzake watano. Hospitali haikuwapo, wagonjwa waliwatibu chini ya mti.

Mwaka 1923 alianzisha Nkokonjeru shirika la masista Waafrika, maana wageni peke yao wasingeitosha kazi.

Siku zile mwenye ukoma mara nyingi alitengwa na jamaa zake, na asiye na jamaa hana shamba. Kwa hiyo, pamoja na dawa, alihitaji mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao.

Alipostaafu mwaka 1955 alikwenda Boston, Marekani. Hakupumzika, bali aliomba fedha za misioni mpaka alipofariki mwaka 1957. Wakristo wa Uganda waliomba mwili wake urudishwe, ukazikwa Nkokonjeru. Yatima wa Arklow hakukosa jamaa wa kumzika.